Mwaka Huu Nimejibu Ndiyo

Iringa, Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na mama na wote wa nyumba yetu ya Mukendo. Natumaini barua hii imekufikia pamoja na kifurushi chake, na kwamba kondakta hakukikalia njia nzima. Naulizia goti la mama, naulizia na cherehani yako nyeusi, kama bado ina ukaidi wake. Hali yako wewe nitaiuliza mwishoni, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Kwa kawaida hapa ndipo ninapoandika kwamba mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali. Nimeandika hivyo tangu nilipohamia Iringa. Leo siandiki, maana si kweli, na muda mrefu haikuwa kweli. Usishtuke. Sijalazwa, nakula, natembea. Lakini nina pumu, Baba, na nimeipatia kazini. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu ukisikia tu neno ugonjwa unampa mama.

Kazi yangu unaijua. Natunza panya weupe wa kituo cha utafiti, wale ambao wataalamu huwajaribia dawa kabla binadamu hajapewa. Marafiki zako wa barazani walicheka, mtoto wa fundi kasomeshwa aende kulisha panya. Wewe hukucheka, na sijasahau. Kila asubuhi tunaosha chupa zao za maji, tunawapima uzito, tunabadilisha maranda ya mbao wanayolalia. Chumba lazima kifungwe wasipigwe na baridi. Sasa ukimwaga maranda machafu, vumbi linapanda, na katika vumbi hilo mna manyoya na mikojo iliyokauka. Sisi tulikuwa tunaogopa meno ya panya, na vumbi tunalivuta kila siku.

Nilianza kwa chafya, kisha kikohozi, kisha kifua kubana. Nikasema ni baridi ya Iringa. Huku kila kitu ni baridi ya Iringa. Mara moja kwa mwaka muuguzi wa kituo hutuletea fomu ya afya, na ndani kuna swali: Je, unakohoa? Sote tulikuwa tunaweka alama kwenye hapana, tunarudisha fomu, tunatoka nje kukohoa. Kuna mwenzetu mmoja aliwahi kujibu ndiyo. Alipelekwa kufagia bustani, na mkataba wake ulipokwisha hakuitwa tena. Labda sababu ilikuwa nyingine, lakini sisi somo letu tulikuwa tumeshalipata.

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada, nayo ni wewe. Nimekua nikikusikia ukikohoa nyuma ya cherehani, na mtu akikuuliza unajibu, "Kila kazi na kikohozi chake." Nilipoanza kukohoa nilijiona na mimi nimekuwa fundi. Nakwambia kweli, nilijivunia.

Nimeshakutajia mzee Magesa, mtu wa Bugwema, aliyenifundisha kazi hii. Siku ya kwanza aliposikia lafudhi yangu alinishika mkono akakataa kuuachia. "We ni wa kwetu wewe! Hapa nilikuwa sina mtu wa kuongea naye habari ya sato wa ziwani." Tangu hapo mimi ni mwanawe. Alikuwa akikohoa kutuzidi wote, na hakuwa akificha mbele yangu. "Hii kifua inanichezeaga tu," alikuwa akisema. "Nikienda likizo Bugwema inaniachaga kabisa, hata wiki haiishi. Nikirudi huku inanikamata. Baridi ya hawa watu siyo ya mchezo." Nikawa nacheka naye. Maneno yenyewe yalikuwa yanatuambia ugonjwa unatoka wapi, sisi tukayacheka.

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, mzee alikuwa anamwaga maranda kwenye pipa, nikasikia kizimba kinaanguka. Nikageuka. Amepiga magoti, ameshikilia ukingo wa pipa, mabega yanapanda na kushuka lakini hewa haiingii. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka nje, na unamjua mtu wa Bugwema aliyekulia ugali wa muhogo, si mwepesi. Dereva akatukimbiza hospitali.

Wakampa oksijeni na dawa. Daktari akaniuliza mzee amekohoa muda gani. Nikasema miaka. Akafungua faili lililoletwa kutoka kituoni, akaligeuza nilione. "Mbona humu kila mwaka amejibu hapana?" Fomu ya juu ilikuwa ya mwaka jana, na mwandiko uliokuwa pale ulikuwa wangu. Mzee alikuwa amevunja miwani siku ile, mimi nikawa namsomea maswali na kumjazia. Tulipofika kwenye lile swali aliniambia, "Weka hapana, mwanangu, tusijitafutie maneno." Nikaweka hapana. Baba, nililia pale kwenye benchi mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa kanga yake nijifute.

Mzee alipona. Siku ya pili alipoweza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa, "Panya zangu nani amezilisha?" Hapo nikajua atarudi nyumbani kwake akiwa hai.

Nilipotoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwa muuguzi nikamwomba fomu yangu. Akasema za mwaka huu zimeshafungwa kwenye bahasha. Nikamwambia azifungue. Nikakata hapana, nikaandika ndiyo, na pembeni nikaandika tangu lini. Nilikaa pale dirishani nikawaita na wenzangu. Walikuja mmoja mmoja, wa mwisho kanuna kama mtu niliyemwibia, lakini alikuja.

Kesho yake mkuu wa kituo akatuita wote. Ulinifundisha nisiongee na mkubwa nikiwa nimekaa, basi nilisimama. Nikamwambia, "Mkuu, ukimwondoa kazini anayesema ukweli, mwakani utaletewa hapana tupu. Na siku moja mtu atafia kwenye lile pipa." Akazifunua fomu zetu mezani. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa najua chumba ni salama. Karatasi zenu ndizo zilizoniambia." Hilo nalo lilinichoma, kwa sababu ni kweli.

Tulidai maandishi, tukapewa. Hakuna atakayepoteza kazi kwa jibu la fomu. Maranda sasa yanamwagwa ndani ya kabati lenye feni inayovuta vumbi. Kabati hilo lilikuwa stoo siku zote hizo, limefunikwa turubai, panasubiriwa fundi umeme. Barakoa kila mtu anapimiwa uso wake, isipite hewa pembeni. Na makoti ya kazi yanafuliwa kule kule kituoni. Hili la makoti ni la kwangu. Wewe ulinilea kwamba mtu mwenye adabu haachi nguo yake chafu kazini, anaibeba nyumbani anaifua. Nami nikawa naibeba kila jioni, naitundika karibu na kitanda changu.

Mimi nimetolewa kwenye chumba cha panya miezi mitatu. Daktari amenipulizisha mrija wa kupima pumzi, amenipa dawa ya kuvuta, na kifua kinaanza kufunguka. Huenda nisirudi kwa panya kabisa. Hilo linaniuma, kwa sababu kazi ile naipenda na naijua. Kwa sasa naandika kumbukumbu na kusimamia ufuaji. Mzee Magesa wamempa kitalu cha miche. Analalamika kutwa nzima. "Mimi nilikuwaga na panya mia, leo nasalimiana na majani!" Analalamika kwa sentensi ndefu, bila kukatika pumzi.

Sasa fungua kifurushi. Ndani kuna koti. Ni jipya, halijaingia kwenye chumba, lishike bila wasiwasi. Tuliyonayo yalishonewa watu warefu, mikono inaingia kwenye maji. Mkuu amekubali uutazame mfano huu, ututolee kumi na mawili yanayotukaa. Yafungwe mgongoni, lastiki kwenye vifundo vya mikono, kitambaa kile chepesi cha sare za shule kisichoshika manyoya. Mifuko usiweke. Najua utasema koti bila mfuko si koti. Vumilia.

Lakini usitie mkasi kabla hujakwenda hospitali.

Nisikilize, Baba. Nilipokuja Idd, kikohozi changu kiliniacha siku ya nne. Chako kiliendelea, kwa sababu chumba chako kiko hapo hapo nyumbani. Unajaza mito ya sufi umefunga mlango na dirisha, upepo wa ziwa usije ukaipeperusha, na unatoka humo nyusi zimekuwa nyeupe. Mama aliniambia mwenyewe, "Tulipokuwaga kule Butiama kwa shangazi yako siku nane, baba yako hata mara moja hakukohoa. Nikasema ni maziwa ya kule." Baba, si maziwa. Ni sufi. Wewe na mzee Magesa mna ushahidi ule ule, na wote wawili mliucheka.

Nimeshaongea na mdogo wangu Jabiri. Alhamisi atafunga duka lake Bunda, atakuja kukuchukua akupeleke, na nimemwambia asikubali chai wala visingizio. Mito ya sufi ipumzike. Atakayelia mto alalie mkono wake.

Nisalimie mama, mwambie goti nalo lina daktari wake. Nisalimie mdogo wangu Jabiri na mke wake. Shangazi wa Butiama mpe shikamoo yangu na asante ya zile siku nane. Na ukimpata mtu anayekwenda Bugwema, apeleke salamu kwa mke wa mzee Magesa, amwambie mumewe anapumua na anagombana na miche.

Hospitali watakuuliza unakohoa, na tangu lini. Usimtazame Jabiri akujibie, na usiwape lile neno lako la kila kazi na kikohozi chake. Nimeshamjibia mzee mmoja kwa mkono huu. Wa pili sitamjibia.

Sasa ndiyo nauliza. Hujambo, Baba? Usijibu upesi.

Ni mimi binti yako, mgonjwa anayetibiwa,
Rehema