Jiwe la Kabichi Juu ya Betri

Ognyan! Ognyan, upo? Naandika haraka, nivumilie nikikosea.

Ile laptopu yangu yenye betri iliyovimba, niliyowaonyesha picha kwenye grupu letu la ufundi, ukasema "usiiguse hata kwa kidole mpaka nije na bisibisi zangu". Sikuigusa! Niliiacha mezani, kibodi imeinuka katikati kama mkate tanurini, nikatoka kutafuta mchanga wa kuizimia ikiwaka.

Narudi, nakuta mama ameiwekea JIWE. Jiwe la pipa la kabichi, Ognyan! Lile la kukandamizia kabichi zisielee kwenye maji ya chumvi!

"Mama, umefanya nini?"

Wala hakugeuka, anamenya vitunguu. "Kifuniko kilikuwa hakifungi. Sasa kinafunga. Nyie na hayo magrupu yenu, wiki nzima mnajadili tu."

Kinafunga. Eti kinafunga!

Halafu ikaanza: sssss. Na harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Kuliondoa jiwe sikuthubutu. Nikavivuta vyote kwenye sinia la kuokea, mbio hadi roshani, nikamwaga mchanga wote juu yake, nikafunga mlango.

Sasa mchanga unafuka moshi. Nimemwambia mama asisogee huko. Ananiuliza, "Na jiwe langu? Kabichi zinaelea!" Betri inataka kulipuka, yeye kabichi zinaelea!

Njoo basi, nakuomba. Nipo chumbani, naogopa hata kuchungulia.

Ngoja. Mbona jikoni kimya?

Ognyan, nimechungulia: mama hayupo jikoni, na mlango wa roshani uko wazi.