Maneno Niliyokuibia, Papa

Papa,

Yule mtoto hakufa. Niache nianze na hilo, salamu zitafuata. Yule binti wa kwenye filamu ya Kihindi, ile ya diski mbili, ambaye nilikuambia Jumapili ile kwamba amefia hospitalini. Hakufa. Wewe umeondoka tangu mvua za kwanza, na mimi ndiyo kwanza majuzi nimeuona mwisho wake.

Nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air iko kama ulivyoiacha, ila kiti chako nimekisogeza karibu na dirisha, maana kila mgeni alitaka kukikalia na mimi nilikuwa naona wivu. Jirani yetu Mama Safi bado anapiga hodi asubuhi kuuliza kama nimekula. Majuzi alikuja na kikapu cha diski zako, zile ulizompa siku ulipoacha filamu. Aliona aibu kukaa na vitu vya marehemu. "Sikuziangaliaka hata moja," akasema. "Lecteur yetu ya diski ilikufa zamani."

Nilipoiona ile diski ya pili ya filamu hiyo, niliyokuandikia jina kwa kalamu yako nyekundu, niliitoa kikapuni kabla ya nyingine zote.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, Papa, na wala si kwa kitabu. Nilikuwa sijaanza shule. Jumamosi ukitoka kwenye karakana ya reli ulikuwa unanipeleka kwenye chumba cha video, tunabanana kwenye benchi, Wahindi wanasema Kihindi chao na chini yanapita maandishi ya Kifaransa. Unayasoma, unanigeuzia kwa Kiswahili chetu sikioni, na benchi zima linainama upande wetu ili lisikie. Mimi nauliza tu, "Banasema nini?" Hukunijibu hata siku moja kwamba hawasemi kitu. Hata mtu akishusha pumzi tu uliniambia, "Anapumua, roho yake iko nzito." Maneno ya kwanza niliyoweza kusoma maishani mwangu ni père, jamais na pardon, yaani baba, kamwe na samahani, kwa sababu filamu zako hazikuwa na mengine.

Halafu nikasoma kweli, nikawa mwalimu wa Kifaransa, na kichwa kikavimba. Nikawa mtu wa vitabu. Filamu nilizozipenda ni zile ambazo mwanamke anasimama dirishani, mvua inanyesha, hakuna anayesema, na watu wanatoka wakijiona wana akili. Nyimbo nilizozikubali ni zile ambazo maneno yake ukiyaandika kwenye karatasi yanasimama bila gitaa. Karindula yako, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, niliita kelele za vijana walevi. Hukukasirika. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Vero, we unasikiaka na macho."

Kisha macho yako yakaisha. Ulibaki unaona mwanga na vivuli tu, na zamu ya kusoma ikanijia mimi. Sasa wewe ndiye uliyeuliza, "Banasema nini?" Mtu kwenye filamu anaongea mpaka jasho linamtoka, mimi nina riwaya mapajani, nakujibu, "Anakataa." Ulikunja uso. "Mais Vero! Maneno yote ile, ni kukatala tu? Unaniibia maneno." Tulikuwa tunacheka. Mimi nilidhani ni utani.

Jumapili ile riwaya yangu ilikuwa imebaki kurasa chache. Filamu nayo ilikuwa ndefu kama safari ya treni kwenda Kalemie. Baba wa filamu, mfanyakazi wa reli kama wewe, na ndiyo maana uliipenda, alikuwa amempoteza binti yake stesheni akiwa mdogo, na anamtafuta mji kwa mji. Binti amekua, yuko hospitalini, amefumba macho. Wimbo ukaanza. Nilijua nyimbo zao hazina haraka. Nikasema, "Amekufa, Papa. Imeisha." Nikazima.

Ulivua kofia yako. Ukauliza, "Balimuzika bila baba yake?"

Nikasema ndiyo. Papa, nilisema ndiyo, na kidole changu kiko kwenye ukurasa.

Wiki iliyofuata niliweka diski nyingine, ukainua mkono. "Sitaki tena. Banaua batoto bure." Ukamwita Mama Safi, ukampa zote. Nikuambie ukweli wote, kwa kuwa sasa huwezi kunikunjia uso: nilifurahi. Nilipata Jumapili zangu. Nilisoma sana miezi ile, na wewe ulikaa na redio yako ukisikiliza hata matangazo ya sabuni.

Na jioni, tukisali, ulikuwa unawataja marehemu wetu. Mama. Babu. Yaya Albert, kaka yangu mkubwa. Halafu, "na yule mutoto wa hôpital." Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Ulimwombea pumziko mtu ambaye nilimuua ili nimalize kitabu, na mimi nikajibu Amina. Nilijibu hivyo kila jioni. Kila jioni nilisema moyoni kwamba kesho nitakuambia, tutacheka, utaniita mwizi. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Kisha mvua zikaanza, kifua kikakubana, na siku ya tatu ukawa huniulizi tena kitu chochote.

Unajua kinachoniuma zaidi? Ile riwaya, mwisho wake siukumbuki. Nimeitafuta kichwani, hamna kitu.

Siku hiyo basi nikaiweka diski, nikakaa chini, kiti chako nikakiacha wazi. Nilianzia pale pale nilipoizima filamu. Nilisoma kwa sauti, kila neno, kama kichaa ndani ya nyumba tupu. Mama Safi alikuwa hajafika mbali, akarudi, akasimama mlangoni na kikapu chake kitupu, akauliza, "Banasema nini?" Nililia mbele yake mpaka akanishika mabega. Kisha tukarudisha nyuma kidogo, nikamsomea.

Ulikuwa ni wimbo mrefu kweli, na ndio uliomwamsha binti. Ni ule ambao baba yake alimwimbia stesheni. Ni mambo yale yale niliyokuwa nayacheka kwa walimu wenzangu, na ningeyacheka hata leo kama wewe ungekuwepo unakasirika pembeni.

Sasa Jumapili baada ya chakula Mama Safi anakuja, tunaziangalia moja moja. Nikifupisha ananigonga goti. Rafiki zako wa karindula, niliowaambia siku ya msiba wapigie nje ya geti, nimewaita. Watapiga ndani ya uwanja wa nyumba siku ya kuondoa matanga, na mimi nitafumba macho nisikie na masikio kama watu.

Lala salama, Papa. Ukikutana na Mama, mwambie nakula vizuri. Nakuahidi kwamba mtu yeyote atakayeniuliza watu wanasema nini, nitamwambia yote, hata wakipumua tu. Na jioni nimeacha kumwombea yule mtoto. Nakuombea wewe peke yako.

Mwisho wake ni huu. Baba amefika, ndevu zimekuwa nyeupe, kofia iko mkononi. Anasema, "Nisamehe, binti yangu, nimechelewa." Binti anasogea kitandani, anampa nafasi. Anasema, "Keti kwanza, baba. Umetoka mbali." Anaketi. Anapumua.

Basi. Ndiyo maneno yote, Papa. Sikuiba hata moja.

Vero wako