Kompyuta Uliyoniachia Sebuleni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia hapa Maisaka, nami ni mzima. Baba yako mdogo amehamia Bonga, karibu na shamba lake, kwa hiyo kuku nawalisha mwenyewe.

Umeniuliza kama kompyuta imewaka. Imewaka. Nilibonyeza kitufe kama ulivyonielekeza, ikawa kimya. Nikaangalia nyuma, nikakuta waya wa umeme umelegea, nikauchomeka vizuri. Nadhani niliuvuta nilipotoa kile kitambaa alichofuma marehemu bibi yako, maana huwa nakifua kisha naifunika nacho tena.

Nikakumbuka redio ya baba yangu. Betri zikiisha nguvu tulizianika juani mchana kutwa, ili jioni tupate walau taarifa ya habari. Majirani walikuja na vigoda vyao. Siku moja redio ilinyamaza kabla hata habari ya kwanza haijaisha. Nilidhani watu wataondoka, lakini hakuna aliyeondoka. Baba alisema tu, "Sogeeni karibu," nao wakasogea, wakakaa kuizunguka kama vile bado inaongea. Nilikuwa mdogo, sikuelewa wanangoja nini.

Juzi kompyuta ilipowaka, picha yako ya mahafali ilitokea kwenye kioo. Nikavuta kiti. Muda si mrefu umeme ukakatika, picha ikapotea. Sikuinuka, Neema, mpaka kuku walipokuja mlangoni kudai chakula.

Kitambaa nimekifua, ila sijaifunika tena.

Babu yako