Kromosomu Ishirini na Nne za Pilipili Yako

Mama,

Nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia. Hapa bwenini wananishauri nimwachie Mungu. Nitamwachia nikishamaliza kukuambia wewe.

Siku ya kumaliza msiba wako, baada ya misa, tulikaa uani pale nyumbani Tingi kugawa vitu vyako. Vitenge viliisha kabla sijakaa vizuri. Jembe likachukuliwa, sufuria zikachukuliwa, hata ndala zako. Kikabaki kibuyu cha mbegu za pilipili. Shangazi akakisukuma kwa mguu. Kwa mguu, Mama. Akasema, "Hizo ni za maabara. Ndizo zilizomuua." Na wote pale ni watu waliokula usipa, dagaa wa ziwani kwetu, kwa pilipili yako tangu sijazaliwa. Kibuyu kikaishia motoni.

Presha ndiyo iliyokuua. Shangazi anajua, yeye ndiye aliyekushika mkono hospitali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uvumi ule wa mbegu za maabara niliuanzisha mimi. Unakumbuka likizo ile nilipochomeka vibao vya plastiki vyenye namba kwenye tuta lako, nikijifunza kupima mimea kama chuoni? Ulicheka, ukasema, "Sasa pilipili zangu zimesajiliwa." Majirani hawakucheka. Waliona namba, wakaona pilipili zako nene kuliko za kwao, wakajitungia kwamba zimebadilishwa vinasaba. Hakuna aliyekuuliza. Ungewaambia unene ule umetoka wapi: kila msimu ulitenga pilipili iliyo bora kuliko zote, na nilipoigusa ulinichapa kiganja. "Hii usiile. Hii ni ya mwakani."

Afadhali ulinifungia mbegu chache kwenye karatasi ya daftari nilipoondoka. Niliziotesha, nikakata ncha za mizizi, nikazipaka rangi, nikazitazama kwenye hadubini. Nilitaka kuwafunga mdomo. Nikahesabu kromosomu: ishirini na nne. Nikahesabu tena huku nalia, ishirini na nne, sawa na pilipili za kawaida. Nikakimbia kwa mwalimu wangu. Akaniwekea kwenye hadubini slaidi aliyokuja nayo kutoka nje, ya pilipili iliyobadilishwa vinasaba. Nikahesabu. Ishirini na nne. Akanieleza kwamba kinachopandikizwa ni kidogo mno, kinakaa ndani ya kromosomu, na kuhesabu hakukioni. Lazima kitafutwe kwenye DNA yenyewe.

Basi nikafanya na kipimo hicho. Hamna kitu, Mama. Ni pilipili yako tu.

Nilimpigia shangazi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hicho kipimo nacho si cha maabara. Nikakata simu. Najua ni mkubwa wangu, najua usingependa, lakini sikumuaga.

Nimechoka kuthibitisha. Walikichoma kibuyu bila kipimo chochote, halafu mimi ndiye niwaletee ushahidi?

Miche yako minne iko nje ya dirisha langu, kwenye ndoo zilizotoboka, bila kibao wala namba. Misa ya mwaka nitakuja Tingi nayo. Nitapanda kwenye tuta lako lilelile, mchana, wote wakiniona. Shangazi akija nitampa shikamoo yake, lakini sitang'oa hata mche mmoja.

Jana pilipili ya kwanza iliiva. Nilikuwa na ugali na usipa mbele yangu, na hamu ilikuwa kubwa hadi mate yakanitoka. Nikaikata kwenye mche, nikaiweka juani.

Pumzika, Mama. Hii siili. Hii ni ya mwakani.

Mwanao