Dari Uliyomwahidi Kila Mtu

Baba Zuhura,

Una roho ngumu wewe. Tangu tukuzike baridi imekuja na kuondoka hapa Rosettenville, imekuja tena, na hujapita kwangu hata kwa ndoto moja ya kuazima. Nalala kitanda kilekile, upande wangu uleule wa ukutani, wako nimeuacha na mto wake. Nafukiza udi, nasoma dua, nafumba macho. Naota nini? Naota nimesahau kutia hamira. Naota foleni ya teksi. Wewe kimya.

Ningesema labda huko hamruhusiwi kutoka. Lakini nasikia unatoka! Kwa mwanao Idi umekwenda. Kwa Zuhura umekwenda. Mpaka jirani yetu Dona Alda, yule Mreno, ananiambia kwa furaha juu ya ukuta kwamba amekuota unamwagilia mawaridi yake. Dona Alda! Mwanamke ambaye hamkuwahi kusemezana zaidi ya "bom dia" ya asubuhi! Mimi niliyekufulia na kukukanda miguu, unapita mlangoni kwangu kama hunijui, unakwenda kumwagilia maua ya watu. Huna haya.

Nina hasira na wewe, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe kwa chaki ya ushonaji juu ya meza ya kukatia nguo, maana shule sikuiona na maneno haya sitaki mtu mwingine anishikie. Yamelala upande, yasome hivyohivyo.

Neno lenyewe ni ile dari.

Unakumbuka ulivyokuwa. Kila Jumapili unapanda ngazi na futi yako ya kupimia nguo shingoni, unalipima paa kama unampima mtu suti ya harusi, unashuka na utando wa buibui kichwani, umetabasamu. "Mama Zuhura, kule juu kuna nyumba nyingine nzima." Sawa. Umeshapima, ulikuwa unangoja nini usikate? Watoto wamekua, wameoa, wameolewa, wewe bado unapima tu.

Kumbe ulikuwa unafanya kazi nyingine. Ulikuwa unaigawa. Idi ulimwambia, "Juu patakuwa pako wewe na mkeo." Zuhura ulimwambia siku ya harusi yake, "Mambo yakikushinda huko, dari ni yako na wanao." Na mimi, mimi uliniambia hakitapita kiatu cha mpangaji juu ya kichwa changu maisha yangu yote. Dari moja, Baba Zuhura! Uliona raha kuahidi. Ulikuwa hupendi kuona uso wa mtu umenuna mbele yako, basi unampa neno tamu, aende zake. Ukafa na utamu wako, ukaniachia mimi hizo nyuso.

Hata hospitali. Uliongea na Idi habari za paa mpaka pumzi ikakukatika. Mimi ukanitazama, ukasema, "Niletee maji." Nikaenda kuleta maji. Niliporudi nayo ulikuwa umeshaondoka. Ile glasi niliishika mpaka nesi akaninyang'anya. Hilo sijakusamehe, na leo sikusamehe pia.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Zuhura mambo yamemshinda kweli. Amerudi na mabinti wake wawili. Wamelala nami chumba kimoja, magodoro chini, mikoba ya shule kwenye mswala wangu. Saida, yule mkubwa, yuko matriki mwaka huu, darasa la mwisho, anasomea jikoni huku mimi nakaanga maandazi, madaftari yote yananuka iliki. Namwambia soma kwa sauti nikusikie, ananijibu, "Eish, Bibi," na mengine ya Kizungu. Nikaona basi. Dari itajengwa, na itajengwa mimi nikiwa hai.

Nikamwita fundi Jeremi, Mkongo wa Bukavu anayejenga huku kwetu. Akatambaa huko juu, akashuka, akaniambia, "Mama, hapa iko namna tatu tu." Ya kwanza, kuliacha paa kama lilivyo, kutia sakafu ngumu na madirisha ya kioo yaliyolala sambamba na bati. Ya pili, kulitoboa paa upande wa nyuma na kuinua kijumba chenye kuta zake na dirisha lake la kusimama, kama kasha lililokaa juu ya mteremko. Ya tatu, kung'oa paa zima, kupandisha kuta pande zote, na kuwa na ghorofa kamili.

Zuhura alitaka ile ya kwanza, kwa sababu ni ya haraka na haichokozi mtu. Nikasema twende tukaione. Ndiyo, nilipanda. Binti yako alinisukuma matakoni kama gunia la viazi, na fundi akatazama pembeni kwa adabu. Wakasema wote, mbona panatosha, mtu anasimama wima. Nikasema mtu mmoja. Nikawaambia Idi na Zuhura, salini hapa rakaa mbili tuone. Idi akaelekea kibla, akasimama chini ya mgongo wa paa, sawa. Zuhura nyuma yake kichwa kikagota boriti, akasali ameinama tangu takbiri hadi salamu kama mtu anayetafuta pini. Nyumba gani hiyo ambayo safu ya pili haina pa kusimama? Na vile vioo vya kulala, na mvua ya mawe ya mji huu inayobonyeza mpaka magari, nimlaze mtoto chini yake? Hapana.

Idi yeye alitaka ya tatu. Ghorofa. Vyumba vyake na mkewe upande huu, vya kupangisha upande ule. Fundi akampeleka nje, akamwonyesha nyufa. Unazijua, zile zilizoanza siku ardhi ilipotikisika kwa sababu ya migodi, ukazipaka rangi ukasema zimekwisha. Hazikwisha. Jeremi aliingiza kidole chake humo. "Hii nyumba imezeeka. Haina nguvu ya kubeba ingine."

Ndipo Idi akasema amekuota. Eti umesimama juu ya paa na kanzu yako ya sikukuu, umelishika bati kwa mikono miwili, unamwambia, "Inua." Wewe! Uliyekuwa unaniita mimi nimkamate kuku! Zuhura naye akasema amekuota umekaa dirishani huko juu, unapindia sketi ya shule ya Saida. Basi wakaanza kushindana wewe umesema nini, mmoja ananyanyua sauti, mwingine analia, na wote wawili wananigeukia mimi: "Mama, kwani wewe amekwambia nini?"

Unajua nilivyoona aibu? Mke wako wa ndoa. Sina hata neno moja.

Nikasema, "Hajaniambia kitu. Kwa hiyo nasema mimi." Nikachagua ile ya pili. Kijumba cha nyuma, chumba kimoja kikubwa chenye kimo cha kutosha, ngazi ya mbao yenye mkono wa kushika. Dona Alda nilimwendea mwenyewe kabla ya tofali la kwanza, maana dirisha lingetazama uani kwake anakoanika nguo zake. Tukakubaliana liinuliwe, ukikaa huoni ua wa mtu, ukisimama unaona mbingu na ule mlima wa mchanga wa migodi. Michoro ikapelekwa manispaa, ikalala huko mpaka nikaanza kuiombea dua kama mgonjwa. Ilipotoka tukalifungua paa baridi hii, kabla mvua hazijarudi. Siku ile bati lilipotoka nilisimama sebuleni nikaona jua limekaa kwenye kochi lako. Nilikutukana kidogo. Samahani kwa lile neno la tatu, mengine nilikusudia.

Sasa pamekwisha. Saida anasomea juu, mlango umefungwa. Mdogo wake anashuka ngazi kwa makalio kutwa. Chumba changu kimerudi kuwa changu, na nakwambia ukweli, kimekuwa kikubwa mno.

Lakini Idi haji.

Alisimama mlangoni akaniambia nimevunja wasia wa marehemu. Mimi! Nikamwambia chukua chumba cha cherehani, nitayatoa majora ya baba yako yaliyokijaza, mlango wake unatokea barabarani, kaa na mkeo, hiki nakupa kwa moyo mweupe. Akasema, "Baba alisema juu." Mtu mzima, ndevu zina mvi, anataka juu kwa sababu baba alisema juu. Akaondoka. Jumapili pilau inaiva, sahani yake naiweka, naiondoa. Nikipiga simu ananijibu mkewe, sauti ya kuniombea radhi.

Mwanzo nilimwita mlafi. Sasa nalala nafikiri. Pale Kensington anakopanga anahamishwa kila mwenye nyumba akipata mtu wa kulipa zaidi, anabeba kitanda chake kama konokono. Hakutaka ghorofa yule. Alitaka paa lako juu ya kichwa chake, kwa sababu ulimwambia ni lake, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitu ni chake. Nikifika hapo hasira yangu inamwacha yeye, inarudi kwako ikiwa imeshiba. Ulimpa mwanangu kitu kisichokuwepo. Mimi ndiye niliyesimama mbele yake kumwonyesha kwamba hakipo.

Nimekuchoka. Na nakupenda, mjinga wewe. Mungu akupe nafasi kubwa huko, akusamehe maneno yako matamu. Nakuahidi nyumba hii haiuzwi nikiwa na pumzi, na kile chumba cha cherehani simpi mtu mwingine, hata kikae kitupu, hata panya wakifanye chao. Ni cha Idi. Na yasini yako naisoma kila Alhamisi, hata zile Alhamisi ambazo sitaki kukuona.

Sasa ukija huku tena, usije kwangu. Nimekwisha kusema, usinirudishe nyuma. Nenda Kensington. Idi analala kwa tabu, mwingie polepole, usisimame juu ya paa wala usishike bati. Kaa naye chini, umwambie kile ambacho hukuthubutu kumwambia mtu yeyote ulipokuwa hai: kwamba ulisema tu, kwamba paa halikutosha. Mwambie Jumapili aje kula. Na usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekutuma.

Mama Zuhura