Kuku wa Arobaini Yako

Mwanangu Mwanaidi,

Kabla hujauliza hali yangu: mzima, ila sikai kitako. Tangu alfajiri natoka uani kusikiliza kuku, narudi ndani, natoka tena. Jirani yetu Bi Mize ananichungulia juu ya ua wa makuti. "Mwalimu, leo unaatamia au umeshaangua?"

Sikuwa nimekwambia kwamba nimeanza kufuga. Nilitaka uwakute mwenyewe. Mwenye mimba ya kwanza hurudishwa kwa wazazi wake, na akishajifungua hunywa supu ya kuku yenye pilipili manga mpaka arobaini yake itimie. Mama yako angekuwa hai, ua ungejaa kuku kabla hujafunga mzigo. Kwa kuwa hayupo, kazi imeniangukia mimi.

Unakumbuka alivyotufundisha, wewe ukiwa umeshika pindo la kanga yake? Hakukubali tuseme "kuku" tu. Jike ambaye hajataga ni tembe. Aliyekwisha taga ni mtetea. Aliyelea vifaranga ni koo. "Anayeanza kufuga aanze na koo," alisema. "Tembe ni mzuri wa sura, lakini atayakimbia mayai yake." Wewe ukamuuliza, "Na wewe mama, ni koo?" Akacheka hadi akaangusha ungo, nami nikajifanya nasoma.

Basi nilimwomba Bi Mize koo mmoja wa mbegu, kwa desturi ileile: vifaranga wakikua tunagawana. Nilimtengenezea kiota ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, majivu chini ili utitiri usimnyonye, nyasi kavu juu, pembeni penye kivuli pasipopita watu. Akaketi. Vifaranga walipotoka niliwafunika kwa tenga, maana mwewe wa hapa hawajaacha tabia. Nilipiga kelele "Swee!" kama ulivyokuwa ukipiga wewe na mwiko mkononi, ukimfukuza mwewe aliyekwisha kwenda zamani. Sasa wamekuwa kuku kamili, na wengine wameanza kutaga.

Juma hili yamenifika mawili. Dereva wa lori la Msata aliniletea salamu za mumeo: safari ni nzito kwako, utajifungulia hukohuko Lugoba. Na ugonjwa wa mdondo umeingia Kaole. Kuku wanasinzia wamesimama, shingo zinapinda, kukicha wamelala chini. Kwetu haujafika. Ndiyo maana nasikiliza: kuku aliyenyamaza ghafla ndiye wa kutazamwa.

Nilitaka kuwatia tengani niwapakie kwenye lori wakufuate. Bi Mize akaniunga mkono. "Wapeleke, Mwalimu, hapa watakufa bure!" Lakini ukianza kufuga kwako, mwanangu, lishike hili: kuku huonekana mzima kumbe mdondo amekwisha ubeba. Kuku mgeni mtenge kwanza, mbali na wako, hadi uhakikishe afya yake. Nikiwaleta hawa naweza kummalizia kuku wote mavyaa wako, na kila mama huyo wa mumeo akiona banda tupu, atakutazama wewe. Watabaki hapa, waishi au wafe.

Lakini kuku wa supu hawakosekani Lugoba. Si supu inayoninyima raha. Ulipozaliwa, bibi yako alikaa mlangoni kwa mama yako mpaka sauti yako iliposikika, na kila mama yako alipoita, aliitikia. Wewe nani atakuitikia?

Naijua desturi. Baba hakai ukweni kwa bintiye wakati wa uchungu. Heshima nimewafundisha watoto wa watu tangu ujana wangu. Nilipomwambia Bi Mize ninalokusudia, alishika kiuno. "Mwalimu! Utawaambia umefuata nini?" Nikaendelea kufua nguo zangu. Kisha akasema, "Nenda. Kuku nitakutazamia."

Nimefua nguo zote, na viatu vya uani naviacha hapa, nisije nikabeba mdondo kwa nyayo zangu. Natoka na lori lijalo. Mavyaa wako akiniuliza, nitasema natafuta jogoo wa mbegu. Atanionyesha majogoo wa mtaa mzima, nami nitamtia kila mmoja kasoro: huyu mfupi, yule hana kishungi, huyu hawiki vizuri. Nitawakataa wote, barazani hapo, mpaka nisikie mtoto analia.

Ukiita, ita kwa nguvu. Nitakuwa nje.

Ni mimi,
Baba yako