Chumvi ya Chungu Kimoja

Chunya, 6 Novemba 1954

Dada yangu mpenzi Tulinagwe,

Ugonile, dada. Hujambo wewe na wanao? Shemeji kifua chake kimepoa? Mimi ni mzima kwa kichwa na mikono, ila mguu jiwe la mgodini limeukalia. Nimelazwa na sijui nitaondoka lini. Usimwambie mke wangu Neli kwa ghafla, ametoka kujifungua juzi tu.

Dada, linaloninyima usingizi ni shamba. Mzee Aliko, mgawa mashamba wetu, alishasema shamba lisiloguswa na jembe hadi mvua inaanza atampa mwenye nguvu. Neli hawezi kulima na kichanga mgongoni. Nikilikosa hilo, nitamlea wapi mwanangu? Nakusihi, zungumza na wenzangu wa rika.

Ni mimi mdogo wako,
Yakobo

Busale, 21 Novemba 1954

Mdogo wangu Yakobo,

Pole sana, baba. Sisi hatujambo, na shemeji yako kifua kimepoa, kelele ndiyo haijapoa. Mtoto ana pua yako, maskini, tutamwombea.

Habari ya shamba si njema. Nimezunguka nyumba zote. Hakuna aliyekataa! Kila mmoja ananiambia, "Wenzangu wakienda, nitaenda." Nikimfuata huyo mwenzake, naye vilevile. Anyitike ndiye aliyeongeza kwamba siku tulipochimba mfereji wa mafuriko wewe ulikuwa ndani ya lori la mgodini, unatupungia mkono. Na mkono kweli ulitupungia.

Halafu tuna mambo. Amekuja Mzungu mmoja, anataka kujua kwa nini watu husaidiana au huachana. Ametukusanya kanisani, kila mtu kampa chumvi. Unaingia nyuma ya mkeka peke yako, unatia chunguni kiasi upendacho, nyingine unabaki nayo. Iliyomo chunguni anaizidisha mara mbili, anatugawia wote sawasawa, aliyetia na asiyetia. Sharti, marufuku kusema neno.

Mara ya kwanza chungu kilijaa vizuri. Mara ya pili kikapungua. Mara ya tatu, aibu tupu, unaona udongo wa chini! Na mimi dada yako nilitia vidole viwili tu. Wewe unatujua, kwetu mtu akinyamaza mbele yako ana kinyongo moyoni, na kinyongo cha kimya ndicho kinacholeta ugonjwa. Nilimwona Anyitike amefunga mdomo, nikasema huyu ananiwazia mabaya, chumvi yangu haipati. Kumbe naye aliniona mimi nimefunga wangu.

Anarudi tena mwezi ujao. Ugua pole.

Dada yako,
Tulinagwe

Chunya, 2 Desemba 1954

Dada,

Salamu kwenu nyote, na mbusu mtoto hiyo pua.

Nimesikia yote. Usiwabembeleze tena, utajichosha bure. Ila wafikishie neno langu moja. Mwaka ule mafuriko yalipokuja, shamba langu halikuzama. Maji yalipita kwenye mfereji wao, ambao mimi sikuuchimba, na mpunga ule ndio uliomlisha Neli hadi akazaa. Waambie ndaga fijo, asanteni sana. Nilitakiwa kuwaambia zamani. Shamba likienda, liende, shukrani yao isiende nalo.

Mdogo wako,
Yakobo

Busale, 19 Desemba 1954

Yakobo, mwanaume wewe!

Hujambo? Mguu? Haya, kaa vizuri hapo kitandani usikilize.

Barua yako ilifika asubuhi ileile ya mchezo wa chumvi. Niliingia nayo kanisani. Watu kimya, kila mmoja anatazama miguu yake. Nikashindwa kuvumilia, nikaifungua, nikaisoma kwa sauti. Ambokile mkalimani akanifanyia "Shii!" Nikamwambia shii mwambie mama yako, nikaendelea mpaka kwenye jina lako.

Anyitike akawa wa kwanza kusema. "Tulinagwe, kumbe huna hasira na mimi?" Nikamwuliza hasira ya nini. Akasema ya ndizi zangu zilizoliwa na mbuzi wake. Mimi hata nilikuwa sijui ni mbuzi wake! Kanisa zima likacheka, na kila mwenye lake akalitoa. Ndipo tukaingia nyuma ya mkeka. Yakobo, chungu kilifurika! Mzungu alipotaka kuzidisha mara mbili, chumvi yake ikamwishia. Akauliza tumefanyaje. Anyitike akamjibu, "Bwana, ulitunyamazisha."

Chumvi ile hatukuibeba nyumbani. Tuliipikia samaki na maharage, tukala wote pamoja, ule ukwangala wetu wa kula na kupiga soga, na kabla sufuria hazijapoa watu walikwisha shika majembe kuelekea kwako. Neli alilia hadi mtoto akamshangaa. Mzee Aliko alipita, akatazama, akasema shamba lina mwenyewe. Mvua imeanza juzi.

Lakini wameacha kipande kando ya mfereji, ukubwa wa mkeka wa kulalia. Nilitaka kukimaliza, Anyitike akaniondolea jembe mkononi. Amesema hicho ni cha Yakobo, asikiguse mtu.

Dada yako,
Tulinagwe

Chunya, 3 Januari 1955

Dada yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma kwa sauti, wodi nzima imesikia, na sikuona haya kulia.

Nimeruhusiwa. Jumatatu ijayo napanda lori la Tukuyu, na safari hii mkono sitampungia mtu. Goti halikunjiki vizuri, kwa hiyo mwombe Anyitike anichongee mpini mrefu.

Ndaga fijo, dada. Ndaga kwao wote. Kipande changu msikiguse.

Mdogo wako,
Yakobo